Vidoti Kwenye Nywele za Abeer

Watu husema kamera haisemi uongo. Wanaosema hivyo hawajawahi kununua kamera ya mtumba. Kamera ya sinema aliyokuwa nayo Mwanasha ilikuwa imepita mikononi mwa wenyewe kadhaa kabla ya kumfikia, na kama kitu chochote cha mtumba, ilikuja na tabia za huko ilikotoka. Tabia yake mbaya kuliko zote ilikuwa vidoti.

Ndani ya kamera, nyuma ya lenzi, mna kibamba kidogo kinachopokea mwanga. Mafundi hukiita sensa, na wala si ile ya serikali ya kuhesabu watu, ingawa nayo ina mamilioni yake: chembe ndogo ndogo ziitwazo pikseli, kila moja ikiwa na kazi ya kuona nukta yake moja ya dunia. Chembe hizo hufa. Zipo zinazokufa kimyakimya zikabaki nyeusi, na hizo hazina udhia sana. Balaa ni zile zinazokufa zimekodoa macho, nyeupe pe, na hata picha ikienda wapi zenyewe hazibanduki. Kamera ya Mwanasha ilikuwa na za namna hiyo, na zilijitokeza tena siku ya kupamba kwa Abeer.

Kupamba, kwa wasiojua mambo ya watu wa Mombasa, ni siku ya wanawake peke yao. Hata waliohamia Nairobi zamani, wakakaa Muthangari na kuizoea baridi ya Julai, kupamba hawakukuacha. Mwanamume haingii, hata wa kubeba viti. Simu huachwa mlangoni kwenye kikapu, na mwenye kubisha hurudi kwao na simu yake. Hapo ndipo wanawake unaowaona mjini wakiwa weusi tii toka utosini hadi kisiginoni huvua mabuibui, na ukumbi ukawaka kwa dhahabu, mikono iliyopigwa hina na nywele zilizosukwa tangu juzi. Hakuna anayejipamba kwa ajili ya mume siku hiyo. Wanapambiana wenyewe kwa wenyewe, na wanaangaliana bila huruma.

Mamake Abeer, Bi Mahira, ambaye mumewe ana duka la vitambaa mjini, alisimama na kipaza sauti baada ya wageni kuketi. Baadhi yao walikuwa bado wamejifunika, wakiitazama ile kamera kubwa kwa shaka.

"Jamani, kamera hiyo isiwatishe," alisema. "Ni ya Mwanasha, na Mwanasha ni mwanangu. Atakachokiona yeye hakitaonwa na mwanamume, mimi nimedhamini. Jiachieni!"

Wakajiachia. Mabuibui yalirundikana kwenye viti vya nyuma, na Mwanasha akajisikia kifua kimempanuka. Wapiga picha wa harusi wamejaa tele Nairobi. Wanaoruhusiwa kuingia na kamera mahali kama hapo ni wa kuhesabika, na jina lake ndilo lililokuwa likitajwa kwanza. Hakuwa na kitu kingine cha thamani kuliko jina hilo.

Abeer alitolewa baada ya magharibi, nywele zake ndefu zimeachwa wazi, zimetiwa asumini. Ni msichana wa haya, mtu wa kujibu salamu akiangalia zulia. Lakini siku hiyo alicheza na mamake na shangazi zake mpaka akavua viatu, akacheka na mdomo wazi, na Mwanasha akamfuata kwa kamera huku naye akicheka. Katika kioo kidogo cha kamera hakuona kasoro yoyote. Kesho yake, kwenye skrini kubwa nyumbani, ndipo alipopiga ukelele. Juu ya nywele za Abeer, na kila mahali penye weusi, vidoti vyeupe vilikuwa vimetapakaa kama punje za mchele zilizomwagika kwenye buibui.

Kosa lilikuwa lake, na alilijua. Kamera za aina hii hutibiwa hivi: unaifunika lenzi, unaiacha itazame giza tupu, nayo inajikagua yenyewe. Chembe yoyote inayowaka wakati hakuna mwanga inawekwa alama kuwa ni mbovu, na tangu hapo rangi yake huazimwa kwa majirani. Mtazamaji haoni kitu. Lakini kamera sharti iwe imepata moto kwanza, kwa sababu chembe mbovu hulala kwenye baridi na kuamka kwenye joto. Mwanasha aliifanya kazi hiyo asubuhi, jikoni, baridi ikiuma vidole na kamera ndiyo kwanza imewashwa, kwa kuwa alikuwa anakimbilia saluni. Naam, saluni. Mpiga picha naye ni mwanamke, na kwenye kupamba hakuna anayesamehewa kichwa kibaya. Basi chembe zililala jikoni, zikaamka ukumbini.

Akampigia simu Nzembi.

Nzembi alikuwa mtu wa Mwala, Mkamba wa kanisa hasa, na alikuwa mwenzake tangu chuo cha filamu, walikokuwa wasichana pekee katika darasa la kamera. Mwanasha alipiga picha, Nzembi akazikata na kuziunga kwenye kompyuta yake huko Riruta. Jambo la wanawake wa pwani alikuwa amelielewa upesi kuliko hata Waislamu wengine. Aliapa kwa jina la mamake kwamba picha hizo hazitatoka chumbani mwake, na diski ilipita kati yao mkono kwa mkono, haikutumwa kwa bodaboda hata siku moja. Mwanasha mwenyewe alipoolewa na Twahir, hakukubali mwingine yeyote ashike kamera ila Nzembi.

"Vimejaa kichwani mwa mtoto wa watu," Mwanasha alilalamika. "Nitamwambia nini Bi Mahira?"

"Wacha kupanik," Nzembi alisema. "Si nimekutolea zingine? Leta diski. Nitazitoa moja moja."

"Utaumia macho, Nzembi."

"Macho ni yangu. Wewe leta."

Kufuta kidoti kwenye picha inayotembea si mchezo. Kidoti hakisogei, watu husogea. Sasa hivi kimekaa kwenye nywele, kufumba na kufumbua kiko shavuni, halafu kwenye ukuta, na kila kinapotua sharti ukifunike kwa rangi ya pale kilipotua. Nzembi alirudisha kazi ikiwa safi kabisa. Waliitazama kwa Bi Mahira, mapazia yamefungwa, na yule mama alilia mpaka akaomba kanga ya kufutia machozi.

"Huyo rafiki yako Mkamba," alisema, "Mwenyezi Mungu ampe macho mazima mpaka uzeeni."

Mwanasha aliitikia amin, tena kwa sauti.

Sifa zikasambaa. Haikupita muda, familia nyingine ikamtaka kwa harusi yao, na Mwanasha akaamua kuitibu kamera kabisa kabla ya siku hiyo. Alitaka Nzembi apumzike. Hakumwambia hata, maana alikusudia kumshtua kwa furaha. Katika kundi la WhatsApp la watu wa kamera waliandika kwamba wa kuonwa kwa mambo ya pikseli ni fundi mmoja tu, anaitwa Kitavi, yuko mjini.

Duka la Kitavi lilikuwa ghorofa ya juu katika jengo moja karibu na Moi Avenue, juu ya wauza simu na wauza nywele za bandia. Kitavi alikuwa mtu wa sweta na miwani iliyopandishwa kipajini, mwenye adabu zake. Alimtazama Mwanasha, aliyekuwa ndani ya buibui na mtandio, akatabasamu.

"Karibu, mama. Sura yako si ngeni kabisa."

"Nairobi ni ndogo," Mwanasha alimjibu, akijua wenye maduka wote husema hivyo.

Akaeleza shida yake. Kitavi akaichukua kamera, akaiwasha ipate moto kwanza, akamwomba asubiri. Kwenye benchi walikuwepo wanaume wawili wanaongoja vitu vyao, wakila mandazi. Ukutani palikuwa na televisheni kubwa ikionyesha kazi za duka: upande mmoja picha yenye vidoti, upande wa pili picha ile ile imesafishwa. Ilipita kwaya ya kanisa. Yakapita mazishi ya mtu mkubwa, kisha tangazo la maziwa. Mwanasha alitazama kwa hamu ya mtu wa kazi, akakubali moyoni kwamba jamaa huyu ni fundi kweli.

Kisha akatokea Abeer.

Alikuwa anacheza. Nywele zote nje, asumini inamwanguka mabegani, mdomo wazi kwa kicheko, na nyuma yake Bi Mahira ameinua mikono na mabega yako wazi. Kushoto walikuwa na vidoti. Kulia walikuwa safi, wanang'aa.

"Ngoja, ngoja, ni huyu nilikuwa nakuambia," mmoja wa wale wanaume alimgusa mwenzake kwa kiwiko. "Huyu wa manywele. Cheki vile anajiachilia."

"Huyu ni moto," mwenzake akasema, akilamba sukari ya mandazi kidoleni.

"Acheni ushamba," Kitavi alisema bila kuinua kichwa. "Angalieni dots."

Mwanasha hakujua alisimama saa ngapi. Alijikuta tu mbele ya televisheni, mgongo kwenye skrini, mikono ameitandaza na buibui lake limefunguka kama pazia. Mwanga wa picha ulimpitia pembeni.

"Zima," alisema.

"Nini, mama?"

"Zima hiyo kitu!"

"Ni sample tu…"

"Nimesema zima!"

"Kwani ni wewe?" yule wa mandazi aliuliza, akinyoosha shingo aone.

"Si mimi," Mwanasha alisema.

Kitavi akazima. Kilichomtesa Mwanasha zaidi ni kwamba hakuweza hata kupiga kelele ipasavyo. Angesema nini? Angewaambia kwamba hawa ni wanawake ambao hakuna mwanamume wa nje anayeruhusiwa kuwaona hivyo? Wangetaka kutazama tena. Akasogea mezani, akaishusha sauti.

"Umeitoa wapi?"

"Hiyo ni ya Nzembi," Kitavi alisema, na hakuonekana kuficha kitu. "Nzembi wa Riruta. Ni kastoma wangu wa miaka. Mashine yake haiwezi hiyo kazi, kwa hivyo huniletea. Hizo harusi zenu zote nimesafisha mimi."

"Zote?"

"Zote. Nilimwuliza kama naweza weka moja hapa, watu waone kazi. Akasema ni sawa, bora nisiweke kwa internet." Alimtazama usoni, akaanza kuingiwa na wasiwasi. "Kuna shida?"

Mwanasha alimwambia afute. Kitavi alifuta mbele ya macho yake, kwenye televisheni na kwenye kompyuta, akamfungulia hata mafaili ajionee mwenyewe. "Pole sana, mama," alisema. "Mimi naangalianga dots tu." Mwanasha alichukua kamera yake kabla haijaguswa, akashuka ngazi akiwa ameikumbatia.

Waswahili walisema kikulacho ki nguoni mwako, na watu huitumia methali hiyo ovyo, hata mtu akiibiwa kijiko. Siku hiyo Mwanasha aliielewa, na iliuma. Mpaka anafika Riruta alikuwa bado anamtafutia Nzembi njia ya kutokea. Labda Kitavi anasema uongo. Labda diski iliibwa. Aliomba iwe imeibwa.

Nzembi alikuwa ameketi mlangoni kwake, juani, akichagua ndengu kwenye ungo.

"Sasa Mwanasha! Mbona hujasema unakuja? Ningeweka chai."

"Nimetoka kwa Kitavi."

Vidole vya Nzembi vilisimama. "Kitavi gani?"

"Wako."

Nzembi aliuweka ungo chini. Alitazama huku na huku kama jirani anasikia, akaingia ndani, na Mwanasha akamfuata. Kompyuta ilikuwa pale kwenye kona yake nyuma ya pazia, pazia walilolinunua pamoja ili mgeni akiingia asione kilicho kwenye skrini.

"Nisikize, Mwanasha," Nzembi alianza. "Hiyo kazi huwezi fanya na mkono. Nilijaribu. Ile ya kwanza nilikaa hapo mpaka macho ikakataa kufunguka. Na wewe kila saa unanipigia, mama ya bibi harusi anauliza, mama ya bibi harusi anauliza. Ningekuambia nimeshindwa?"

"Ndiyo. Ungeniambia umeshindwa."

"Ungepelekea mtu mwingine."

"Ningempelekea mwanamke mwingine!"

"Na mimi ningebaki na nini? Kila mtu ananiambia nina macho, nina mikono. Wewe mwenyewe ulikuwa unaniambia." Alikaa kitandani. "Na Kitavi si mtu mbaya. Yeye haoni watu, anaona dots. Ni kama daktari. Si mnaendanga kwa daktari mwanaume?"

"Daktari hamweki mgonjwa wake kwa televisheni ya dukani, watu wamwangalie wakikula mandazi."

Nzembi alikunja pindo la shuka. "Hiyo aliomba," alisema polepole. "Alikuwa amenifanyia kazi mingi haraka haraka, singeweza kumkatalia. Na nilimwambia asiweke kwa internet."

"Kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Kwa nini asiweke kwa internet, kama si kitu?"

Nzembi aligeukia pazia, na Mwanasha aliona wazi kwamba mwenzake alijua. Alijua tangu siku ya kwanza. Hakukosea kwa ugeni wala kwa dini, alilipima jambo lenyewe vizuri, akaona linabebeka. Hasira ilimpanda Mwanasha mpaka masikio yakawa moto. Ndipo alipokumbuka lile neno la dukani ambalo hakulitilia maanani.

"Nilipoingia kwake aliniambia sura yangu si ngeni," alisema.

Nzembi alitazama sakafu.

"Nzembi. Harusi yangu ulipiga wewe."

"Yako ilikuwa na dots mob sana," Nzembi alisema, sauti imemshuka. "Na ile gauni ya maroon ilikuwa inazionyesha vibaya. Nilitaka yako ikuwe poa kuliko zote. Woi, Mwanasha, usiniangalie hivyo. Ni kwa sababu nakupenda."

Mwanasha aliegemea mlango. Alimfikiria Twahir, ambaye baada ya fungate alikaa naye chini sakafuni wakaitazama ile sehemu ya harusi yake ya wanawake alimokuwa yeye bibi harusi peke yake, akishangaa kama mtoto, akisema sasa ameonyeshwa ambacho wanaume wengine hawatakiona. Kumbe mwanamume wa kwanza kuiona alikuwa na sweta na miwani kipajini, na alipitia kila picha yake, mgongo wake, shingo yake, kwapa zake akinyanyua mikono, huku akivizia vidoti. Alijiona amevuliwa nguo na mtu aliyekuwa amempa nguo amshikie.

"Kitavi amefuta," Nzembi alisema, akiinuka sasa, akimshika mkono. "Si amefuta? Basi imeisha. Yeye hajui hata ni kina nani. Mimi najua, wewe unajua, tunyamaze. Ukiongea, kazi yetu imekufa, na hao wamama hawatawahi kulala tena. Utakuwa umewasaidia na nini? Hebu niambie. Utakuwa umewasaidia na nini?"

Tusimwonee Nzembi: swali hilo halikuwa la kijinga. Mwanasha alichomoa diski zote kwenye kona ile, akazitia mkobani, na Nzembi akilia nyuma yake kwamba wao ni dada. Hakugeuka. Alijua akifungua mdomo atamtukana mama wa watu aliyeko Mwala, ambaye hakuhusika ila kwa kuapiwa.

Alikaa na swali la Nzembi siku kadhaa. Alilipikia, akalifulia, akalala nalo kando ya Twahir na hakumwambia. Alijaribu kunyamaza, na mara nyingine aliona kabisa kwamba anaweza. Mambo yaliyofutwa yamefutwa. Mtu asiyejua haumwi.

Halafu Bi Mahira akapiga simu.

"Mwanangu, wale watu wa harusi wameniuliza kuhusu wewe. Wana mabinti wengi, wana woga. N'kawaambia wasiulize mara mbili, huyo namjua kama ninavyojijua. Nimekosea?"

"Nitakuja kwako kesho, mama," Mwanasha alisema.

Alikwenda asubuhi, Muthangari ikiwa bado ina ukungu. Bi Mahira alikuwa ameketi kwenye kochi, na Abeer, aliyekuja kuwasalimu wazazi, alikuwa chini kwenye busati kati ya magoti ya mamake, akipakwa mafuta ya nazi. Wote wawili walikuwa vichwa wazi, na mitandio yao imetupwa mgongoni mwa kochi.

"Ingia, ingia, wewe si mgeni," Bi Mahira alisema. "Rudisha mlango tu, babake Abeer ana mazoea ya kurudi na watu wake kuchukua funguo. Kahawa hiyo, na kaimati zingali moto. Abeer, msogezee mwenzio."

Abeer alimsogezea sahani, akamtabasamia, akarudi kuinamisha kichwa apakwe. Mwanasha hakugusa kaimati. Alisema mambo yote jinsi yalivyokuwa, kuanzia vidoti hadi duka, na alipofika kwenye televisheni hakulipamba wala hakulipunguza. Mkono wa Bi Mahira ulikwenda ukipunguza mwendo kwenye nywele za binti yake, kisha ukatulia, unang'aa kwa mafuta.

"Wakamwona huyu?" aliuliza.

"Wakamwona."

"Na mimi?"

"Ulikuwa ukicheza naye, mama."

Bi Mahira alifuta mikono yake kwenye kanga, kidole kimoja kimoja. "Ulijua, Mwanasha? Niambie mbele ya Mungu."

"Wallahi sikujua. Hata mimi nimo. Hata harusi yangu."

"Nakuamini," Bi Mahira alisema, na ilionekana anamwamini kweli, kwa sababu macho yalimjaa maji. "Nakuamini, mwanangu, na pole. Lakini wanawake wale hawakukuvulia wewe mabuibui. Walinivulia mimi. Ni mimi niliyesimama nikasema. Sasa n'tapita nyumba hadi nyumba, niwaambie nini? Mke wa imamu alikuwepo. Mamake Twahir, mkweo mwenyewe, alikuwepo."

Mwanasha alitaka kusema kwamba wataenda wote wawili, kwamba ataibeba aibu hiyo pamoja naye, kwamba hatashika tena kamera mpaka amuombe radhi kila mmoja wao. Alimgeukia Abeer, akitumaini kwamba yeye, aliye kijana mwenzake, angesema lolote, hata tusi.

Abeer hakuonekana kukasirika. Alinyoosha mkono nyuma, akauchukua mtandio wake kwenye kochi, akajifunika nywele zikiwa bado zimelowa mafuta, akauvuta mbele mpaka kipajini na kuushikilia chini ya kidevu, taratibu, kama afanyavyo mwanamke aliyesikia mwanamume akibisha hodi. Hodi haikuwa imepigwa. Mlango ulikuwa umefungwa, na chumbani hapakuwa na mtu mwingine ila yeye, mamake na Mwanasha.